Canon SELPHY CP1500: Picha nzuri kwa anayelinda karatasi na utepe

Canon SELPHY CP1500 ni printa ndogo ya picha iliyotoka mwaka 2022 kuchukua nafasi ya CP1300 ya mwaka 2017. Kwa uzito wake wa gramu 850 hivi na uwezo wake wa kutoa picha ya saizi ya postikadi kwa sekunde 41, inawafaa wenye steshenari na studio ndogo zinazotoa picha za pasipoti, na pia familia zinazotaka picha za harusi, kipaimara na mahafali ziingie kwenye albamu badala ya kubaki kwenye simu. Urahisi wa kuiunganisha na simu kwa Wi-Fi umeshaelezwa na wengi, nami sina la kupinga humo. Ninachokipima hapa ni jambo linalomgusa mteja moja kwa moja: kwa nini picha mbili zilizotolewa na printa moja, kwa karatasi za pakiti moja, moja hutoka safi kabisa na nyingine hutoka na doa, mstari au mkunjo, na mwenye printa afanye nini ili kasoro hizo zisitokee. Msimamo wangu ni kwamba mashine hii inatoa picha nzuri kupita udogo wake, lakini imeundwa kwa namna inayoacha nafasi kubwa kwa vumbi na unyevu kuingia kazini, na asiyekuwa tayari kuziba nafasi hiyo atatupa karatasi nyingi huku akiilaumu mashine isiyo na kosa.

Ili kasoro zieleweke, sharti kwanza ieleweke namna picha inavyotengenezwa. Printa hii hainyunyizi wino wa maji kama zile tulizozizoea maofisini. Ndani ya kaseti yake mna utepe mwembamba sana wa plastiki, ambao mafundi wengi huuita riboni, uliopakwa rangi kwa vipande vinavyofuatana: manjano, majenta (wekundu wa kuelekea zambarau), sayani (bluu ya kuelekea kijani), halafu kipande kisicho na rangi ambacho ni tabaka la kinga. Juu ya utepe huo hukaa kichwa chenye safu ya vipashio vidogo mno vya joto, 300 katika kila inchi, ambavyo huukandamiza utepe kwenye karatasi na kuupasha moto nukta kwa nukta, rangi ikahama na kuingia katika uso wa karatasi kama nembo inavyohamia kwenye fulana chini ya pasi. Joto likizidi rangi hukolea, likipungua rangi hufifia, na kwa kila rangi printa ina ngazi 256 za ukolevu, ndiyo maana ngozi ya mtu hutoka laini, bila zile nukta za wino zinazoonekana ukiisogeza picha karibu na jicho. Karatasi moja, basi, hupita chini ya kichwa mara nne, na kila mara inapaswa kurudi mahali pale pale ilipoanzia.

Hapo ndipo penye jambo ambalo mnunuzi anapaswa kuliona kwa macho yake kabla ya kulipa. Karatasi hutoka kwenye trei iliyochomoza mbele, hupita ndani, kisha hujitokeza nyuma ya printa ikiwa wazi hewani. Hurudi ikiwa na manjano iliyopauka, hujitokeza tena, hurudi ikiwa na wekundu, na kadhalika, mpaka safari ya mwisho inapopakwa kinga na kuangukia juu ya trei ikiwa inang'aa. Katika safari hizo zote, uso wa karatasi ambao bado haujapata kinga huwa nje ya mashine kwa sekunde kadhaa, mbele na nyuma. Canon wenyewe wanataka nafasi ya sentimita 10 au zaidi iachwe nyuma ya printa, na wengi hudhani sababu ni hewa ya kupooza mashine tu. Sababu kubwa ni karatasi. Printa ikisukumwa hadi ukutani, au nyaya za kompyuta zikipita nyuma yake, ncha ya karatasi hugonga, hupinda kidogo na kurudi ikiwa imesogea. Rangi inayofuata haitaangukia juu ya iliyotangulia, na pembeni mwa kola ya shati jeupe utaona uzi mwembamba wa rangi usiokuwamo kwenye picha yenyewe. Anayeona kasoro hiyo atazame kwanza nyuma ya printa kabla ya kumwita fundi.

Kasoro inayolalamikiwa kuliko zote, hata hivyo, ni madoa madogo, na kwa bahati nzuri ndiyo inayojieleza vizuri kuliko nyingine. Chembe ya vumbi ikikaa kati ya utepe na karatasi huzuia rangi isihame mahali hapo, kwa hiyo doa linaonyesha rangi iliyokosekana. Katika eneo la kijivu au la rangi ya ngozi, doa la bluu maana yake ni kwamba manjano haikufika, doa la kijani maana yake majenta ndiyo iliyozuiwa, na doa jekundu maana yake sayani ndiyo iliyokosa njia. Doa jeupe kabisa ni la chembe iliyong'ang'ania karatasi tangu mwanzo na kubaki hapo katika safari zote tatu. Mara nyingine utayakuta madoa mawili ya rangi tofauti yamekaa jirani, na hiyo ni chembe moja iliyosukumwa kidogo kati ya safari moja na nyingine. Chembe ikiingia katika safari ya nne, rangi zitakuwa kamili lakini ukiigeuza picha mbele ya dirisha utaona kishimo kisichong'aa, mahali ambapo kinga haikushika.

Utambuzi huu una faida yake kazini, kwa sababu unakuelekeza pa kusafisha. Madoa meupe yakiwa mengi, tatizo liko kwenye karatasi, yaani zilikaa wazi kwenye trei au zilipangwa juu ya meza yenye vumbi. Madoa ya rangi moja moja yanayobadilika mahali kila picha ni vumbi linaloingia njiani, aidha kupitia utepe au kupitia kule nyuma. Doa linalorudi mahali pale pale katika kila picha ni la aina nyingine kabisa. Hilo ni uchafu uliokwama ndani ya mashine, na kubadilisha karatasi hakutalitibu. Kwa hiyo picha iliyoharibika isitupwe papo hapo. Iwekwe pembeni pamoja na ile inayofuata, zilinganishwe chini ya mwanga mzuri, na kama kuna kioo cha kukuza kitumike.

Picha za pasipoti hazisamehe hata kidogo katika jambo hili. Mandhari ya nyuma ni ya rangi moja, mara nyingi bluu au nyeupe, wala hakuna majani, maua au umati wa watu wa kulificha doa. Na doa dogo likiangukia shavuni au karibu na jicho, ofisi inayopokea ina haki ya kuikataa picha. Anayetoa picha za sherehe anaweza kuvumilia nukta moja juu ya pazia la ukumbi, lakini mwenye steshenari hana nafasi hiyo.

Vumbi lenyewe linatoka wapi? Katika maduka yetu mengi chanzo cha kwanza ni feni. Feni ya mezani au ya ukutani huelekezwa kwa mhudumu, na mhudumu amekaa mbele ya printa, kwa hiyo hewa yote inayosukumwa pamoja na vumbi la barabarani hupita juu ya karatasi inayosubiri. Feni ielekezwe pengine, na printa iwekwe mbali na mlango na dirisha la barabarani, juu ya meza ambayo hapakatwi karatasi wala hapafanyiwi laminesheni. Kufagia kufanyike jioni baada ya kazi, au kazi ianze dakika kadhaa baada ya kufagia, na kitambaa chenye unyevu kidogo kipite juu ya meza kabla printa haijafunguliwa. Kuna desturi nyingine ninayoiona majumbani na madukani ambayo inatokana na kujali, lakini inaumiza: kuifunika printa kwa kitambaa cha kufuma au kipande cha kitenge. Nyuzi laini zinazotoka kwenye kitambaa hicho ndizo zinazoonekana baadaye kama vijistari vilivyopinda kwenye picha. Funika kwa plastiki safi, au irudishe printa ndani ya boksi lake.

Trei ya karatasi inastahili uangalizi wake yenyewe. Inapokea karatasi 18 tu kwa wakati mmoja, jambo ambalo mwenye kazi nyingi atalikuta linachosha, na kuzidisha idadi hiyo ili kupunguza usumbufu huleta karatasi kupita mbili kwa pamoja au kukwama. Upande unaong'aa ndio unaotazama juu. Anayezipakia azishike pembeni, kwa mikono mikavu, na asizipigepige mezani kuzisawazisha kwa nguvu, maana ukingo wa karatasi ukikwaruzika hutoa ungaunga mweupe ambao nao ni vumbi. Alama ya kidole kwenye uso wa karatasi haionekani kabla ya kuchapa. Huonekana baada, ikiwa imejichora ndani ya rangi na kufungiwa chini ya kinga, nayo haifutiki tena. Kazi ikiisha, trei itolewe, ifungwe kifuniko chake ikiwa na karatasi zilizobaki, na mlango wa mbele wa printa ufungwe. Ni jambo la sekunde chache, na kwa maoni yangu hakuna hatua nyingine yenye faida kubwa kuliko hiyo.

Kuhusu utepe, kosa la kawaida ni kuuchomeka ukiwa umelegea. Kaseti ikitoka kwenye mfuko wake utepe huweza kuwa na ulegevu kidogo, na ukiingia hivyo chini ya kichwa hujikunja, kisha kila mkunjo huacha mstari wa mshazari usio na rangi, mara nyingi karibu na ukingo wa picha. Zungusha gia ya kaseti taratibu mpaka utepe unyooke, halafu simama hapo hapo. Anayeendelea kuzungusha atapoteza vipande vya rangi, na kwa kuwa idadi ya vipande imelinganishwa na idadi ya karatasi, mwishoni atabaki na karatasi zisizo na utepe. Akikaza kupita kiasi utepe utakatika. Usiuguse kwa vidole, wala usiufute kwa kitambaa, kwa sababu kitambaa hukwangua rangi na kuacha nyuzi. Ukiona vumbi juu yake, lipulize kwa kile kipulizia cha mpira kinachotumika kusafishia lenzi za kamera. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu na matone ya mate.

Mikunjo ina chanzo cha pili ambacho watumiaji wengi hawakifikirii, nacho ni picha yenyewe. Sehemu nyeusi tii hupokea joto jingi, na plastiki ya utepe inapopata joto hutanuka. Ikiwa jirani yake kuna sehemu nyeupe isiyopata joto, utepe huvutwa upande mmoja na kulegea upande mwingine. Picha ya bwana harusi mwenye suti nyeusi aliyesimama mbele ya ukuta mweupe, ikichapwa nakala nyingi mfululizo mchana wa joto, ndiyo hali yenyewe hasa. Dawa yake ni kuipa mashine nafasi ya kupoa kati ya kundi moja la picha na jingine, na kuunyanyua kidogo weusi wa picha kwenye programu ya kuhariri ili usiwe mweusi wa mwisho kabisa. CP1500 yenyewe husimama kwa muda ikihisi joto limezidi, kisha huendelea. Mteja akiwa na haraka kusimama huko huudhi, lakini usiizime wala usichomoe karatasi.

Nimefika kwenye hali ya hewa, na hapa mwambao na bara wana shida mbili zinazopingana. Printa imekusudiwa kufanya kazi katika joto la nyuzi 5 hadi 40 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 20 hadi 80. Joto si tatizo kubwa katika miji yetu mingi, lakini asubuhi za masika katika Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa, unyevu wa hewa hupita asilimia 80 bila shida. Karatasi iliyoachwa nje ya mfuko katika hali hiyo hunyonya maji, hujikunja kuelekea upande mmoja na kushikana na mwenzake, na printa huivuta upande. Namna bora ni kutoa kwenye mfuko karatasi za kazi iliyopo tu na kuzirudisha nyingine katika chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, mradi viwe bado vinafanya kazi. Bara kavu, kwa mfano Dodoma na Singida wakati wa kiangazi, unyevu si tatizo. Kinachosumbua ni hewa kavu inayoipa plastiki ya utepe umeme tuli unaovuta vumbi kutoka mbali, na vumbi lenyewe ni jingi. Huko kitambaa chenye unyevu mezani na chumba kilichofungwa hufanya kazi kuliko kifaa chochote cha kununua.

Wenye kiyoyozi wana hatari ya peke yao. Kaseti au printa iliyolala kwenye chumba cha baridi ikitolewa ghafla nje, kwa mfano kupelekwa kwenye ukumbi wa harusi jioni ya joto, hutonesha jasho, na matone hayo hayaonekani kwa urahisi juu ya utepe. Picha za kwanza hutoka na mawimbi yaliyopauka, kisha mtu huhitimisha kwamba kaseti ni mbovu. Viache vifaa vyote ndani ya mfuko uliofungwa mpaka vifikie joto la mahali pale, ndipo uvifungue.

Mistari nayo ina lugha yake. Upana wa sentimita 10 wa karatasi ya postikadi unahudumiwa na vipashio takriban 1,200, na kila kimoja hushughulikia njia yake mwenyewe kutoka mwanzo wa karatasi hadi mwisho. Kwa sababu hiyo mstari mwembamba uliopauka unaokwenda kwa urefu wa karatasi, na unaorudi mahali pale pale katika kila picha, unaashiria kipashio kilichofunikwa na uchafu au kilichokufa. Mstari unaokwenda kwa upana ni habari nyingine. Huo hutokana na karatasi kusita njiani, meza kutikiswa, ncha kugonga kitu, au umeme kuyumba. Mstari wa kwanza ndio wa kuogopa. Kichwa cha CP1500 hakikuwekwa mahali ambapo mtumiaji anaweza kukifikia kwa urahisi na kukisafisha, tofauti na printa kubwa za studio ambazo hufunguka na kichwa kikafutwa kwa pamba na spiriti safi. Huu ni upungufu wa kweli kwa mtu anayetegemea mashine kwa riziki, na unaongeza thamani ya kinga niliyoieleza. Kuingiza kijiti, kisu au msasa kupitia mlango wa kaseti ni kuhatarisha vipashio ambavyo haviwezi kubadilishwa kimoja kimoja. Kinachowezekana kufanywa nyumbani ni kuizima printa, kuiacha ipoe, kupuliza vumbi kwenye mlango wa kaseti na kwenye matundu ya hewa ya nyuma, kisha kujaribu kwa picha yenye rangi moja ya kijivu, ambayo huonyesha kila kasoro bila kuficha.

Kichwa hicho hicho ndicho kinachonifanya nisisitize vifurushi vyenye karatasi na utepe wa Canon, kama RP-108 chenye karatasi 108 na kaseti mbili, au KP-36 kwa mwenye matumizi madogo. Vifurushi vya watengenezaji wengine vipo na bei yake huvutia, lakini printa imepangiwa joto la utepe maalumu, na utepe unaohitaji joto tofauti hutoa ngozi yenye wekundu au ukijani usiorekebishika kwa urahisi. Vilevile karatasi na kaseti za kifurushi kimoja zitumike pamoja mpaka ziishe.

Umeme ukikatika katikati ya safari nne, picha hiyo imekwisha na kipande chake cha utepe kimekwenda nayo. Usiivute karatasi kwa nguvu. Umeme ukirudi, zima na uwashe, mashine itaitoa yenyewe. Betri ya NB-CP2LI inauzwa peke yake na ina maana kwa wapiga picha wa mitaani, ingawa kwa duka lenye UPS ya kompyuta ni afadhali printa iunganishwe hapo, kwa vile inatumia umeme kidogo kuliko printa ya leza.

Zipo pia lawama zinazoangukia printa wakati kosa liko kwenye faili. Picha ya postikadi kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli takriban 1,181 kwa 1,748. Picha iliyopita katika makundi matatu ya WhatsApp kabla ya kufika studio imebanwa mara kadhaa, na vile vimraba vinavyoonekana shavuni na kwenye anga havitokani na kichwa wala utepe. Mwombe mteja aitume kama faili, si kama picha. CP1500 haiwezi kurudisha kilichopotea, na kwa kweli ulaini wake wa rangi huvifanya vimraba vionekane zaidi kuliko vinavyoonekana kwenye kioo cha simu.

Kazi haiishi picha inapoangukia trei. Tabaka la kinga huilinda dhidi ya maji na alama za vidole, lakini si dhidi ya kila kitu. Albamu za bei rahisi zenye kurasa za vinili, vifutio vya plastiki na gundi ya seloteepu huweza kuvuta rangi au kuibadilisha, kwa kuwa rangi za aina hii huhama zikikutana na kemikali za kulainishia plastiki. Kurasa za polipropilini, nailoni au selofani hazina shida hiyo. Mteja aambiwe hivyo kaunta, pamoja na kwamba picha isiachwe kwenye dashibodi ya gari wala ukutani panapopigwa na jua. Vipande vya pembeni vyenye vitobo vya kukatia vikunjwe mbele na nyuma kabla ya kuchanwa. Kuvichana kwa pupa huinua ukingo wa kinga, na hapo ndipo unyevu unapoanzia kuingia.

Jambo moja zaidi kwa wenye studio, ingawa liko kando kidogo ya ubora wa picha. Utepe uliotumika hubaki na sura ya kila mteja, kwa rangi zilizogeuka lakini inayosomeka, kwani kila kipande hutumika mara moja tu na rangi isiyohama husalia. Kaseti iliyokwisha yenye sura za watu walioomba pasipoti isitupwe jalalani ikiwa nzima. Utepe utolewe na ukatwekatwe.

Kwa nani, basi, ninaipendekeza? Kwa nyumba, kwa mpiga picha anayetaka kumkabidhi mteja picha papo hapo, na kwa steshenari yenye wateja wa kiasi inayoweza kutenga kona safi, ninaipendekeza bila kusita. Uwezo wa kuchagua mng'ao kamili au mng'ao uliopunguzwa kwa kutumia utepe ule ule ni faida halisi, kwa sababu uso usiong'aa sana huficha mikwaruzo midogo na haushiki alama za vidole kwa urahisi. Gharama ya kila picha inajulikana mapema, na hiyo humsaidia mwenye duka kupanga bei, mradi akumbuke kwamba picha iliyoharibika inagharimu sawasawa na nzuri.

Kwa studio yenye foleni kutwa nzima, au kwa kibanda kilicho pembeni mwa barabara ya vumbi kisicho na mlango wa kufunga, singeinunua. Huko inafaa kudunduliza kwa ajili ya mashine kama DNP DS-RX1HS, ambayo roli lake la karatasi na utepe wake hukaa ndani ya mashine iliyofungwa, na roli moja hutoa picha 700 za saizi ya sentimita 10 kwa 15 bila mtu kugusa karatasi hata moja. Ni nzito, haibebeki mkononi, na bei yake ya kuanzia iko mbali sana na ya SELPHY, lakini kichwa chake kinafikika na kinasafishika. Anayelazimika kuanza na CP1500 katika mazingira kama hayo kwa sababu ya mtaji anunue pamoja nayo kipulizia cha mpira, boksi la plastiki lenye kifuniko la kuiwekea mashine na karatasi, na pakiti moja ya ziada ya karatasi, kisha apange kuchapa mapema asubuhi kabla barabara haijaanza kutimua vumbi, au usiku baada ya kufunga.